Hamira Niliyosema Imetoka Dukani

Jumamosi ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Siku ya harusi nilikuwa nimefunikwa kichwa na sikuona mengi. Lakini Jumamosi ile nilisimama katikati ya kina mama zaidi ya ishirini, nimeshika kisu cha kukatia mkate, na kila jicho lilikuwa kwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sikuwa mtoto. Kwa hivyo unaposoma haya usinitafutie kisingizio, maana mimi mwenyewe sijitafutii.

Nilizaliwa Ndithini, nikasoma mpaka darasa la nne, baba akasema inatosha. Nilipokua nikaenda Thika kufanya kazi ya nyumba kwa mwalimu mmoja wa kike, mama mpole aliyependa kuoka mkate wa brown kila mwisho wa wiki. Miaka miwili nilimwona akikanda unga ule. Nilimwona, nasema. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo na kupangusa meza akishamaliza. Mkono wangu haukuingia katika unga wake hata siku moja. Hilo ulishike, kwa sababu taabu yote ilitoka hapo.

Kisha nikaolewa na Kioko wa Muthetheni. Mama ya mume wangu nilimwita Mwaitu, yaani mama, vile sisi Wakamba tunavyomwita aliyetuzaa. Yeye naye aliniita kwa jina langu, Mbithe. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi. Katika kikundi cha kina mama wa kanisa letu, akisema jambo halikuulizwa mara mbili. Neno lake lilikuwa limemchukua miaka mingi kulijenga. Mimi nililiweka hatarini kwa siku tatu tu.

Ilikuwa mmoja wa miaka ile ya tisini ambayo mvua ya Novemba ilitunyima kabisa. Mahindi yalikauka yakiwa ya urefu wa goti. Kanisa likaletewa magunia ya msaada, na tulipoyafungua hatukuona mahindi. Tuliona ngano nzima, punje nyekundu-nyekundu, ngumu. Sisi ngano tuliijua ikiwa unga mweupe ndani ya pakiti. Punje zake wengi wetu hatukuwa tumezishika. Basi kila mtu akafanya alilozoea. Wakaitia kwenye sufuria na maharagwe, wakaichemsha kama isyo yetu ya mahindi. Ikachemka asubuhi, ikachemka mchana, kuni zikaisha, na bado ukitafuna punje inakukimbia mdomoni. Waliomeza hivyo hivyo walilala wakishika tumbo.

Jumatano moja kikundi kikakutana, na malalamiko yakawa ni hiyo ngano. Mwenyekiti wetu, Mama Mutiso, mwanamke mkubwa wa sauti na wa mwili, akasema labda kuku ndio wapewe ngano hiyo. Mimi nikacheka.

"Unacheka nini, mke wa Kioko?"

"Nacheka kwa sababu mnachemsha mkate," nikasema. "Ngano husagwa. Ukiisaga na maganda yake unapata ule mkate wa brown ambao watu wa Nairobi wananunua wakishaambiwa na daktari."

"Na wewe unajua kuupika?"

"Najua. Thika nilikuwa naupika kila wiki."

Neno lilitoka hivyo, laini kama samli. Wala sikuona ni uongo mkubwa. Nilijiambia kuona na kupika vinatofautiana kidogo tu.

Kulikuwa na mama mmoja pale aliyeitwa Syokau, mdomo wake haukuwa na mlango. Akasema, "Huyu wa Ndithini? Hata chapati zake zina pembe nne." Watu wakacheka, na uso wangu ukapata moto.

Ndipo Mwaitu akainua kichwa. Alikuwa akisuka kiondo chake pale pale kwenye benchi. "Akisema anajua, anajua," akasema. "Mimi namsimamia." Akarudi kwenye kiondo.

Kicheko kikaisha. Mama Mutiso akasema Jumamosi tuna wageni, kina mama wa kanisa la Matuu, na chai yao itakuwa na mkate wa ngano yetu wenyewe. Mikate sita. Ikikubali, magunia yaliyobaki yatasagwa yote, watoto wa nasari wawe wakipata mkate. Ikikataa, ngano inaenda kwa kuku, na Mwaitu ndiye atawaeleza wageni kwa nini wanakunywa chai tupu.

Tukienda nyumbani tukavuka mto mkavu. Halafu Mwaitu akauliza bila kunitazama, "Mbithe, kweli unajua?"

"Najua, Mwaitu."

"Kama kuna kitu hujui, leo ni Jumatano. Kuna nafasi."

"Hakuna."

Mwanangu, huwa nawaza sana juu ya mto ule. Mlango ulifunguliwa, nikaufunga mwenyewe.

Alhamisi nikabeba ngano kichwani mpaka kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine alinung'unika kwamba ngano inamshikia mawe, lakini akasaga. Unga ukatoka wa vuguvugu, wa rangi ya vumbi la barabara yetu, na makapi yake ndani. Harufu yake ilikuwa nzuri ajabu. Nikapita dukani kwa Mzee Abdi, Msomali aliyeuza kila kitu kuanzia kamba hadi dawa ya ng'ombe, nikamwomba hamira.

"Mama, hiyo ndiyo ya mwisho," akaniambia akipangusa mkebe. "Ingine inakuja Jumatatu."

"Inatosha," nikasema. Mjuzi hahitaji ya akiba.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilikumbuka mwalimu wa Thika akimimina maji ya moto kwenye hamira. Moto wa namna gani, sikuwahi kuuliza. Nikajiambia, kama maji ya moto kidogo yanaiamsha, maji yanayochemka yataiamsha zaidi. Nikaichoma hamira yote kwa maji yaliyokuwa yakitokota. Hamira ni kitu hai, mwanangu. Niliiua kama mtu anavyoua siafu.

Nikakanda, nikangoja, unga ukalala pale kama mtu aliyekasirika. Nikasema utainuka ukiona moto. Nikaweka mchanga chini ya sufuria kubwa, nikaingiza mikebe ya unga, nikafunika, nikapanga makaa juu ya kifuniko na mengine chini, vile mwalimu alivyonisimulia kwamba mama yake alioka kabla ya kupata oveni. Nilipofunua nilipata mawe. Nilijaribu kukata moja kwa panga la kuni. Likaruka.

Nusu ya unga ilikuwa imeenda. Nikayabeba yale mawe kwa leso, nikayazika kwenye shimo la mbolea, nikafunika na mabua. Mwaitu aliporudi kutoka shambani akauliza, "Mkate unaendeleaje?"

"Vizuri, Mwaitu. Nilikuwa najaribu moto tu."

Unaona vile uongo unavyohitaji kulishwa. Ule wa Jumatano ulikuwa na njaa Alhamisi, na Ijumaa ulikuwa na njaa zaidi.

Ijumaa niliamka bila hamira, na dukani hakuna. Mtu mwenye akili angesema, Mwaitu, nimeshindwa. Mimi nikapeleka uji kwa Babu.

Babu huyu alikuwa babu ya mume wangu, baba mkwe wa Mwaitu, mzee sana, akikaa katika nyumba yake ya nyasi chini kidogo ya boma. Hakuwa mtu wa kanisa. Nataka uelewe kanisa letu lilikuwa namna gani siku hizo. Pombe haikuguswa hata kwa ncha ya ulimi. Ukijulikana umekunywa, unatengwa: unakaa benchi ya nyuma, na Meza ya Bwana ikifika inakupita mbele ya watoto wako na majirani. Babu alikuwa amewaambia wachungaji wanne, mmoja baada ya mwingine, kwamba pombe yake ya asali alifundishwa na baba yake, na hataiacha kwa sababu ya benchi.

Pombe ile haichachuki hivi hivi. Kuna tunda refu la mti wa muatine, linakaushwa, linatiwa kwenye maji ya asali, na hilo ndilo linaloifanya ichemke bila moto. Likishatumika linakaushwa tena, linawekwa kwa safari nyingine. Tunayaita miatine. Mzee anayejiheshimu hutunza miatine yake kama vile wewe unavyotunza simu yako. Babu aliweka yake kwenye kiondo cheusi kwa moshi, juu ya mafiga.

Nikakitazama kile kiondo nikiwa nimeshika bakuli la uji. Nikajiambia, kama tunda hili linainua asali, litashindwaje kuinua unga? Na nikwambie ukweli, wazo hilo mpaka leo nalisifu. Akili sikukosa. Nilichokosa ni kitu kingine.

Babu alikuwa nje akiota jua. Nikaingiza mkono kiondoni, nikatoa muatine mmoja, nikauficha chini ya leso.

"Unatafuta nini huko ndani, mke wa Kioko?" akaniuliza.

"Kikombe, Babu."

Nikaliloweka lile tunda kwenye maji ya vuguvugu na sukari. Ya vuguvugu, kwa sababu pombe nilikuwa nimeiona ikiandaliwa nyumbani Ndithini, na nilijua haipendi moto mkali. Kufika mchana maji yalikuwa yametoa povu jeupe, yanaimba kidogo ukiweka sikio. Nikachuja, nikakandia unga uliobaki, nikauacha mlaini kuliko wa kwanza kwa sababu makapi yalikuwa yanakunywa maji kila nikiongeza. Nikafunika kwa leso na blanketi dogo. Asubuhi ya Jumamosi leso ilikuwa imeinuliwa juu kama kuna mtu amelala chini yake.

Nilioka mikate sita. Haikuwa ya kuficha. Juu ilikuwa imepasuka vizuri, rangi ya kichuguu kilichonyeshewa, na ukigonga chini kwa kidole inalia kama ngoma. Harufu yake ilifika kisimani. Ndani ilikuwa laini, yenye uchachu kidogo na kitu kama asali kwa mbali. Hicho cha mbali ndicho nilichotumaini hakuna atakayekijua.

Wageni wa Matuu wakaja, tukaimba, tukasali, chai ikamiminwa. Mimi nikasimama na kisu nikikata. Wa kwanza kuonja alikuwa Syokau, maana hangekubali kuonja wa pili. Akatafuna. Akatafuna tena. Akasema, "Basi chapati zake anazipika kwa makusudi," na watu wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa changu. Mikate minne ikaisha kabla chai haijafika nusu ya birika.

Kati ya wageni kulikuwa na Mama Wayua, mama wa makamo aliyeuza mandazi na mikate ya kuoka mwenyewe sokoni Matuu. Alikuwa amekishika kipande chake kwenye mwanga, akitazama vitundu vyake kama mtu anayetazama kitambaa kabla ya kununua.

"Mwanangu, huu ni wa ngano nzima na umeinuka hivi?" akaniuliza. "Mimi huu hunilalia kila mara. Ni hamira gani hii?"

"Ya duka," nikasema. "Ya kwa Mzee Abdi."

Akanitazama kidogo. Akakipeleka puani kile kipande, kisha akakila.

Hapo ningeponea, au nilidhani hivyo. Lakini Mama Mutiso akasimama, akapiga makofi mawili ya kutuliza watu. Akasema kesho ni Meza ya Bwana, na kila mara tumeweka pale mkate mweupe wa duka uliookwa na watu tusiowajua. "Kesho," akasema, "tutamkumbuka Bwana kwa mkate uliotoka kwa mikono yetu wenyewe." Vigelegele vikapigwa. Akaichukua ile mikate miwili iliyobaki, akaifunga kwa kitambaa cheupe, akaiweka mbele yake.

 Kulisha watu chai ni jambo moja. Hili lilikuwa lingine. Tunda lililoibwa kwenye kiondo cha pombe lilikuwa linaenda kwenye Meza, na aliyelipeleka alikuwa mimi, na aliyenisimamia alikuwa Mwaitu.

Mwaitu mwenyewe alikuwa bado hajaonja. Alikuwa mtu wa kula wageni wakishashiba. Sasa akachukua kipande cha mwisho kwenye sinia, akakipeleka mdomoni, kikaishia chini ya pua. Nikaona pua yake inafanya kazi. Akakirudisha kwenye sinia taratibu.

"Mbithe," akasema, "twende tuongeze kuni."

Nyuma ya jikoni hakukuwa na haja ya kuni, na hakuzigusa.

"Nimekoroga asali ya pombe ya mzee yule kabla hujazaliwa," akaniambia, sauti ya chini kabisa. "Kabla sijaokoka, nimechuja pombe yake kwa mikono hii. Ulifikiri pua yangu imezeeka?"

Nikaokota kuni moja, nikairudisha chini.

"Na Alhamisi niliona kuku wanapigania kitu kwenye shimo la mbolea. Nikaenda nikaangalia. Nikasema, sawa, amekosea, atakuja aniambie. Nikangoja jioni. Nikangoja Ijumaa. Ijumaa nilikaa jikoni nikichambua kunde ambazo nilikuwa nimezichambua tayari, ndiyo uwe na mahali pa kunipata."

"Mwaitu, niliogopa kukuaibisha."

"Kuharibu unga si kuniaibisha. Unga unaharibika kila siku. Mimi nilisema mtu huyu akisema neno, ni neno. Sasa umenifanya mimi ndiye mwongo, na hata sijui nimedanganya nini na nini."

Nikaanza kulia. Akaningoja nimalize, hakunigusa.

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi sitawaambia," akasema. "Mdomo uliosema hamira ni ya duka uko na wewe. Uende nao." Kisha akaongeza, "Mimi nitasimama karibu."

Mwanangu, kutoka nyuma ya jikoni mpaka mahali walipokaa ni hatua kama kumi na tano. Nilizitembea. Kina mama walikuwa tayari wanatafuta viatu vyao. Nikasema kwa sauti iliyokatika mara mbili kwamba mkate ule usipelekwe Mezani, kwa sababu hamira si ya duka. Ya duka niliiua Alhamisi. Ule umeinuliwa na muatine wa Babu, na Babu hajui, niliuchukua akiota jua. Na Thika sikuwahi kupika mkate. Nilikuwa naosha sufuria.

 Mama mmoja akatoa kipande mdomoni polepole, akakiangalia, hajui akiweke wapi.

Syokau ndiye aliyeanza. "Kwa hivyo sisi tumekunywa?"

"Tumekula," akasema mama mwingine.

"Mimi nimekula vipande vitatu," akasema Syokau. "Mniangalie nikitembea."

Mgeni mmoja wa Matuu akaangua kicheko, akajifunika mdomo kwa leso, na wengine wakamfuata mmoja mmoja mpaka mama aliyekuwa hajui aweke wapi kipande chake akakirudisha mdomoni akakimeza. Lakini Mama Mutiso hakucheka. Alifungua kile kitambaa cheupe, akaitoa mikate yote miwili, akakikung'uta makombo.

"Hakuna mtu aliyelewa hapa," akasema. "Tunda ni la Mungu na unga ni wa Mungu, na mchungaji akiuliza nitamjibu hivyo. Lakini kitu kilichofika kwetu kwa uongo sikipeleki Mezani. Na wewe, mke wa Kioko, kesho kaa nyuma. Kesho moja tu. Wiki ijayo urudi mahali pako."

Nikasema ndiyo, Mama.

Ile mikate miwili Mwaitu akanipa niipeleke kwa mwenye tunda. Babu alisikiliza yote bila kuacha kuota jua. Nilipomaliza akavunja kipande, akakilowesha kwenye uji kwa sababu meno hakuwa nayo, akala.

"Wachungaji wanne wamekuja hapa kuniomba niitupe miatine hii," akasema. "Rudi uwaambie imelisha kina mama wao." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha uso ukabadilika. "Lakini ungeniomba. Ningekupa. Kuniibia mimi, ambaye kila asubuhi unaniletea uji, ni kama kujiibia wewe." Hilo liliniuma kuliko la Mama Mutiso.

Jumapili nikakaa benchi ya nyuma. Pale mbele, upande wa wanawake, kulikuwa na nafasi ya Mwaitu, ya tatu kutoka dirishani, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuikalia. Watu walipoanza kujipanga kwa Meza nikasikia kiatu kwenye sakafu. Nikainua macho. Mwaitu alikuwa amesimama kando yangu, na leso yake nzuri ya Jumapili.

"Sogea," akasema.

"Mwaitu, wewe hukutengwa."

"Nilisema nakusimamia. Sikusema nakusimamia siku ukishinda. Sogea."

Nikasogea. Akakaa. Meza ikatupita sisi wawili, na mzee wa kanisa aliyebeba sinia hakujua atazame wapi. Mwaitu alikuwa ameangalia mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja zamu yake hospitalini. Sijawahi kupendwa vile tena, na mume wangu alikuwa mtu mzuri.

Jumatano iliyofuata nilienda Matuu. Niliomba ruhusa mwenyewe. Nilimpata Mama Wayua sokoni, nikamwambia, "Mama, sijui kuoka mkate. Nifundishe." Akacheka, akanifungulia kiti. Akaniambia aliijua hamira ile ya uongo tangu alipoinusa, maana hata kwao walipika pombe ya asali, lakini hakutaka kunivua nguo mbele ya watu. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: wiki ile yote alikuwa na hamira nyingi pale pale sokoni, na Ijumaa angeniletea kama mtu angemtumia neno. Neno moja tu, kwamba sijui.

Alinifundisha siku nne. Maji yawe ya joto la mkono wa mtoto. Tia kidole, ukihesabu mpaka kumi bila kukitoa, yanafaa. Hamira iamshwe kwenye kikombe kwanza na sukari kidogo, na isipotoa povu usiipeleke kwenye unga ukitumaini itaona aibu. Unga wa ngano nzima upewe maji zaidi ya ule mweupe, kisha uachwe ukae kabla ya kukandwa, maana makapi yanakunywa polepole kama wazee. Usiharakishe. Na chumvi usisahau. Magunia yale yaliyobaki tuliyasaga yote, na watoto wa nasari walikula mkate wa brown mpaka mvua ikarudi. Mwaitu alikuwa akikaa pale karibu na makaa akisuka, na kila mkate uliotoka alikuwa akiugonga chini kwa kidole chake, asikilize, aseme, "Endelea." Sifa zingine hakunipa. Hiyo moja ilinitosha.

Nimeoka tangu siku hizo. Sasa niko na oveni ya makaa iliyotengenezwa na fundi kwa bati na matofali, na magoti yananisumbua, lakini kila Ijumaa unga uko mezani kwangu na nyumba inanukia. Wajukuu wanakuja kabla haujapoa. Ni maisha mazuri, sina malalamiko.

Basi nikwambie, mwanangu, na nikwambie waziwazi, kwa sababu watu siku hizi wanapenda kuzungushwa. Mtu akikuuliza kama unajua kitu, na hujui, sema sijui. Liseme mapema, wakati bado watu wanaweza kukusaidia, maana ukilisema ukiwa umechelewa linakuwa kilio. Ukikosea, liseme kosa likiwa bado dogo, kabla hujalitafutia mahali pa kulificha. Chochote ulichotia kwenye chakula cha watu, wakikuuliza, waambie. Na mtu akisimama mbele ya wengine akasema anakujua na anakuamini, elewa kwamba amekupa kitu chake ambacho hakiuzwi dukani. Kibebe kwa mikono miwili. Kabla hujafungua mdomo, jiulize kwanza neno hili litamfikia yeye likiwa na sura gani.

Mungu aibariki mikono yako, iwe ya kukanda au ya kuandika. Akupe nyumba ambayo wazee wake hawaogopi kukukemea. Na wote watakaokula chakula chako wakile bila wasiwasi, washibe, na wakikuita mtoto wao wawe hawajakosea.